Ndege Aliyekuwa Chini ya Grisi

Grisi ya zamani haishindwi kwa nguvu. Ukiikwangua kwa hasira inakupaka wewe: inaingia kwenye mikunjo ya vidole, inajificha chini ya kucha, na chuma kinabaki kama kilivyokuwa. Naijua grisi kuliko mtu yeyote kutoka Voi hadi Taveta, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu nilicho nacho nimekitafuta mwenyewe. Diploma yangu ya uhandisi wa mitambo nilijisomesha kwa kuponda kokoto asubuhi na kuchomelea watu madirisha jioni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo nina karakana yenye mashine ya kukereza vyuma, na wenye matrekta wanawapita mafundi wa Mombasa wanakuja kwangu.

Ukutani nimetundika vitu viwili. Cha kwanza ni hiyo diploma, ndani ya fremu. Cha pili ni nakala ya ikama yangu ya mwisho, kadi ya kuishi na kufanya kazi Saudia. Kadi yenyewe walibaki nayo nilipoondoka. Wateja huniuliza diploma niliisomea wapi. Ile ikama hawaiulizi, na ndiyo iliyonigharimu.

Niliingia Riyadh kama dereva wa nyumbani. Wakala wa Nairobi aliniapia kwamba nikifika tu nitabadilishiwa kazi, kwamba wenye elimu kama mimi wanatafutwa kwa tochi. Juma la kwanza nilimpelekea kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini, diploma ndani ya plastiki yake. Aliisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma ambako hapakuwa na kitu, akasema mashallah, akanikabidhi ufunguo wa gari. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kupeleka watoto shule, kumpeleka madam madukani, na kungoja ndani ya gari hadi shingo inaniuma.

Nyumba ilikuwa Al-Malqa, kaskazini, kwenye majumba yenye kuta ndefu na mageti mawili, moja la wageni na moja la sisi. Ndani tulikuwa Wakenya wawili. Mwenzangu alikuwa mama mmoja wa Bungoma aliyenizidi miaka michache, mpishi, mfuaji, mpiga deki, kila kitu. Alikuwa amenitangulia miaka mitatu. Nilipofika nilimweleza kuhusu diploma yangu kabla sijamweleza kwetu ni wapi, naye kuanzia siku hiyo akaniita injinia. Nilidhani ni heshima.

Bosi alipenda vitu vya kale. Kando ya majlisi, sebule yake ya wageni, alijenga chumba kizima cha kuvionyesha: mapanga, mabirika ya kahawa, matandiko ya ngamia, redio za mbao. Halafu kiangazi kimoja yeye na ndugu yake wa Jeddah wakanunua bunduki za zamani za jeshi la nchi ya mbali, za vita vilivyokwisha kabla baba zetu hawajazaliwa. Zilikuja na vibali vyake, na kile chuma cha kufyatulia kilikuwa kimetolewa katika kila moja. Zilikuwa vitu vya kutazamwa tu. Kumi na nne, ndani ya makasha ya mbao, zimeviringishwa karatasi iliyogeuka rangi.

Tulipofungua kasha la kwanza hatukuona bunduki. Tuliona grisi. Jeshi lilikuwa limezitumbukiza nzima nzima, mbao kwa chuma, zisishike kutu ghalani, na huko ghalani zikasahauliwa. Ile grisi ilikuwa imekolea rangi kama asali iliyoachwa chunguni, na ngumu kiasi kwamba ukiigonga kwa ukucha inalia. Ilinuka mshumaa na duka la spea. Bosi aliigusa kwa kidole kimoja akatafuta pa kufutia, akafutia kwenye kitambaa changu cha gari.

"Wewe," akaniambia, "si ulisema una cheti cha chuma?"

"Ndiyo, bosi."

"Ndugu yangu ana karakana ya pampu na jenereta Jeddah. Anatafuta fundi. Hizi zikiwa safi kabla sijafungua chumba changu, atakuchukua, na ikama yako itaandikwa fundi. Halas?"

"Halas, bosi."

Ambaye hajaishi kwa ikama hawezi kujua uzito wa neno moja kwenye kadi. Neno "dereva" lilikuwa limenifungia kila mlango. Hakuna karakana ingenigusa, hata kama ningeweza kufungua injini yao na kuifunga nimefumba macho. Nyumbani nako baba mkwe wangu, ambaye hakuwahi kunipenda, alikuwa akimuuliza mke wangu mbele ya watu, "Je, yule dereva wetu amepiga simu?" Kila nilipokumbuka hilo neno "wetu" nilikosa hamu ya kula.

Nikaanza kazi kwenye kibanda cha nyuma, karibu na tangi la maji. Vyuma havikunisumbua. Chuma ukikimwagia maji yanayochemka grisi inalegea na kuelea yenyewe, unakifuta kingali moto kwa mafuta ya taa, halafu unakipaka mafuta mepesi upesi kabla kutu haijakiona. Shida ilikuwa mbao. Mbao ilikuwa imeinywa ile grisi miaka na miaka. Naifuta leo, inakauka, inapendeza. Kesho naikuta imetoka jasho tena, nyeusi, inanata. Siku nne nilikuwa na bunduki moja mikononi. Madam akawa anapita na ukaya puani akisema nyumba yake inanuka kama kituo cha petroli.

Siku ya nne yule mama wa Bungoma alipita na beseni la nguo akielekea paani. Akasimama.

"Injinia, hiyo bunduki unaiosha ama unaibembeleza?"

"Kazi ya kitaalamu haina haraka, dada."

"Naona. Tangu Jumapili utaalamu uko kwa bunduki moja." Akaliweka beseni chini. "Unajua vile vichujio vya juu ya jiko, vya kuvuta moshi, huwa navisafisha aje? Naviringisha na gazeti, naweka kwa mfuko mweusi wa taka, nafunga, naacha kwa paa. Nikirudi saa nane mafuta yote yako chini ya mfuko. Sijakwangua kitu."

"Hivyo ni vya jikoni. Hii ni silaha ya jeshi."

"Kwani mafuta yanajua yako jeshini?" Akalibeba beseni lake. "Jua la hapa linatuchoma bure kila siku. Lipe kazi."

Nilingoja aanike nguo zake, ashuke, aingie ndani. Halafu nikaviringisha mbao moja kwa magazeti, nikaitia kwenye mfuko mweusi, nikapanda nayo paani kwa siri, mimi mwenye diploma, nikanyata kama mwizi wa kuku. Nikaenda kuwachukua watoto shule. Niliporudi na kuufungua ule mfuko, magazeti yalikuwa yamelowa, na grisi imetulia chini kama samli. Mbao ilikuwa ya rangi ya kahawia yenye mistari, rangi ambayo huenda hakuna aliyeiona tangu vile vita.

Jioni nikamwonyesha bosi. Nikamwambia nimegundua njia ya joto. Nilitumia maneno hayohayo, "nimegundua" na "njia ya joto", kwa Kiarabu changu cha barabarani. Alinipiga bega. "Muhandis!" akasema kwa sauti, mpaka jikoni wakasikia.

Nilipoingia jikoni kuchukua chakula changu, mwenzangu alikuwa amenipa mgongo, anasugua sufuria.

"Muhandisi," akasema bila kugeuka, "njia ya joto itakula wali ama mkate?"

Nikacheka. Naye akacheka. Nikadhani yamekwisha.

Kazi ikaenda vizuri. Lakini nataka niseme ilivyokwenda, kwa sababu kwa miaka mingi nimeisimulia vinginevyo. Jua la Riyadh linafanya kazi yake saa sita mpaka saa tisa, na saa hizo mimi nilikuwa barabarani, kwanza shule, kisha shughuli za madam. Mifuko ilitaka kugeuzwa. Magazeti yalitaka kubadilishwa yakiwa yangali moto, la sivyo mbao inayanywa tena yale mafuta inapopoa. Aliyepanda kugeuza na kubadilisha ni yeye, katikati ya kuanika nguo na kupika chakula cha mchana, pekupeku wakati mwingine, anaruka juu ya saruji kama mtu anayecheza. Alikuwa na kitambaa chake cha kufutia, kipande cha kanzu kuukuu ya bosi, na mbao zikitoka mikononi mwake zilikuwa safi kuliko zilizotoka mikononi mwangu. Mimi nilipika vyuma jioni na kuvipaka mafuta. Nikisema nilisafisha bunduki kumi na nne, nadanganya nusu.

Madam akaanza kumwona hayupo jikoni. Siku moja, nikiwa nakunywa maji mlangoni, mwenzangu akaniambia kwa sauti ya chini:

"Kaka, ukiongea na baba wa hii nyumba, mwambie tu nakusaidia na ile mifuko. Madam anadhani napanda juu kupiga simu. Jana amenipekua."

"Nitasema."

"Leo?"

"Nitasema, dada. Usijali."

Sikusema. Niliogopa swali ambalo lingefuata. Bosi angeuliza, "Na wazo la jua lilikuwa la nani?" Ningejibu nini, na ndugu yake alikuwa anatafuta fundi, si mtu aliyefundishwa na mpishi?

Bunduki ya kumi na moja ndiyo iliyoleta mambo. Mwenzangu aliniita nikiwa nimeshika ufunguo wa gari. Kwenye ubavu wa kitako, grisi ilipotoka, palikuwa na ndege aliyechongwa kwa ncha ya kisu. Alikuwa wa ukubwa wa kidole gumba, mdomo wazi, bawa moja limekamilika na lingine bado. Chini yake kulikuwa na vijistari kadhaa, kama mtu aliyekuwa akihesabu kitu.

"Ona," akasema, "kuna mtu alikuwa amekaa mahali, anachora."

"Askari mvivu," nikasema, nikaenda shule.

Sisi chuoni tulifundishwa na mzee mmoja aliyefumba macho na kupitisha kiganja juu ya kazi yako. Kiganja kikikwama popote, unarudia. Na kwetu, mtu akikupa kitu kikuukuu ukitengeneze, unakirudisha kipya. Hata ukitengeneza mpini wa jembe, unauparua hadi ung'ae. Ukimrudishia mtu kitu chake na makovu yake atasema umekula jasho lake bure. Hivyo ndivyo nilivyojua ufundi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba duniani kuna watu wanaonunua kovu.

Ijumaa familia yote ilikwenda shambani nje ya mji, na mwenzangu wakamchukua awapikie. Nilibaki peke yangu na siku nzima. Nikachukua msasa mkali, kisha msasa laini. Ndege alichukua muda kidogo. Yule askari alikuwa amechonga kwa kina. Nikapaka vanishi mara tatu. Ilipokauka ile bunduki iling'aa kama kitanda cha bwana harusi. Niliipiga picha nikamtumia mke wangu amwonyeshe baba yake. Nilikuwa na furaha siku ile kuliko siku yoyote tangu nivae joho la chuo.

Waliporudi, mwenzangu alikuja kibandani kabla hajavua abaya.

"Ndege yuko wapi?"

"Ndege gani?"

"Kaka. Umemfuta."

"Nimeondoa mikwaruzo. Hiyo inaitwa kumalizia kazi."

Akapitisha kiganja pale ubavuni, polepole, kama yule mzee wa chuoni. Kiganja hakikukwama.

"Sasa ni kama mguu wa meza," akasema, akaenda kupakua vyombo.

Siku mbili baadaye ndugu wa bosi akaja kutoka Jeddah. Nilizipanga bunduki kumi na moja juu ya zulia ndani ya kile chumba, na ile inayong'aa nikaiweka katikati. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Alizitazama za pembeni akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika katikati akasimama. Akatoa simu, akatafuta picha aliyotumiwa na muuzaji, akalinganisha. Akapiga magoti. Akawasha tochi ya simu akamulika ubavu wa kitako huku na huku.

"Ndege wangu yuko wapi?"

Akaigeuza simu tuione ile picha.

"Hii niliichagua mimi. Niliichagua kwa sababu ya yule ndege." Akainuka, na sauti yake ikainuka naye. "Vanishi! Ameipaka vanishi, kama mlango wa choo! Nani amefanya hivi? Mtu aliyefanya hivi simtaki hata afagie karakana yangu."

Bosi akanigeukia. Kabla sijafungua mdomo, madam akasema kutoka mlangoni, "Si huyu msichana? Kila mchana yuko juu ya paa na hayo matakataka. Mimi nilisema, hakuna aliyenisikia."

"Ni yeye?" bosi akaniuliza.

Nilikuwa na muda. Watu husema mambo hutokea ghafla. Langu halikutokea ghafla. Nilisikia kiyoyozi kikivuma, nikaona vumbi la msasa limebaki kwenye mshono wa kiatu changu. Nikasema:

"Mchana mimi huwa barabarani, bosi."

Kila neno lilikuwa kweli. Nimelipima lile jibu mara nyingi tangu siku ile, kama unavyopima kipande cha chuma, na sijapata neno hata moja la uongo ndani yake.

Wakamwita. Alikuja na mikono yenye maji.

"Umegusa hii?"

"Nimezigusa zote, baba."

Naye pia alisema kweli. Halafu akanitazama. Hakunitazama kwa hasira; alinitazama kama mtu aliyeshika mlango ili mwenzake apite. Alingoja. Mimi nikainama nikaanza kukusanya vitambaa vilivyokuwa sakafuni, nikavikunja kimoja kimoja, vitambaa vichafu ambavyo hakuna mtu hukunja.

"Samahani, baba," akasema.

Asubuhi yake bosi akaamua ahamishiwe Al-Naseem, upande wa mashariki, kwa mama yake mzazi, mzee asiyeinuka kitandani, ambaye wasichana wawili walikuwa wamemkimbia. Na dereva wa nyumba alikuwa mimi. Nilimpakia begi lake na mfuko wake wa plastiki. Akakaa nyuma, kama sheria ya nyumba ilivyotaka. Tulivuka mji mzima, mimi macho barabarani.

"Injinia, ongeza baridi. Jua limenichoma la kutosha."

Nikaongeza. Tulipofika akabeba begi mwenyewe. Mlangoni akageuka, na nikajitayarisha, maana nilijua sasa nitatukanwa, na kusema kweli nililitaka tusi.

"Zimebaki tatu," akasema. "Usisahau kubadilisha magazeti zikiwa moto."

Zile tatu zilinichukua mwezi. Wa kugeuza mifuko hakuwepo, na mbao zikayanywa tena mafuta yao kila jioni.

Siku ya kufungua chumba, baada ya sala ya alasiri, wageni walijaa majlisini. Nilivishwa kanzu nyeupe nikapewa sinia la tende. Bunduki kumi na tatu zilikuwa ukutani chini ya taa zake. Ile yenye vanishi walikuwa wameiweka nyuma ya mlango. Mgeni mmoja akauliza nani amezisafisha vizuri hivi. Bosi akasema, huku akichukua tende kutoka kwenye sinia nililoshika mimi, "Nilileta mtaalamu kutoka Ujerumani."

Wakasema mashallah. Nikasogea kwa mgeni wa pili.

Nilitaka kulitupa lile sinia. Mtu ambaye ningemlalamikia alikuwa mmoja tu, na yeye nilikuwa nimempeleka Al-Naseem mimi mwenyewe.

Lakini bosi alitimiza ahadi yake, akanisemea kwa ndugu yake, na ndugu yake akakubali. Nikahamishwa Jeddah. Kadi mpya ilipotoka ilikuwa na picha yangu ileile ya uso wa kuchoka, na kando yake kazi: fundi mitambo. Niliipiga picha mbele na nyuma, nikamtumia baba mkwe moja kwa moja. Alijibu kwa kidole gumba. Miaka yote ile, jibu likawa kidole gumba.

Nilipata kitanda Al-Hindawiyah, chumba cha watu sita juu ya duka la viatu. Hewa ya Jeddah ina chumvi na unyevu, chuma chochote kisicho na grisi kinaoza ukikitazama, na mimi nilikuwa bora kuliko wote pale karakanani. Hilo halina ubishi. Pampu zilizokuwa zimetupwa nyuma ya jengo nilizifufua. Bosi mpya, yule mwenye miwani, aliniita muhandis mbele ya wateja, na kila aliponiita hivyo nilisikia sufuria ikisuguliwa.

Mwaka wa pili alinituma nyumbani kwake nikarekebishe pampu ya maji. Nikagonga mlango wa jikoni. Aliyefungua alikuwa mwenzangu wa Al-Malqa.

Alikuwa amekonda, na mkono mmoja ameufunga bendeji kwa sababu ya kumnyanyua mzee. Watoto wengine wa yule mzee walikuwa wamemleta mama yao afanye umra. Mwenzangu si Mwislamu, haruhusiwi kuingia Makka, wakamwacha Jeddah na mizigo mpaka warudi.

"Karibu, injinia," akasema, kama vile tuliachana jana. "Pampu iko kule nyuma."

"Dada, siku ile..."

"Pampu iko kule nyuma."

Nikaenda, nikaitazama pampu, nikarudi.

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Ningesema, nani angeniamini? Si una diploma?"

"Nitamwambia ukweli. Leo. Bosi mwenyewe, nitamwambia."

"Yuko sebuleni," akasema. Akanyoosha kidole chenye punje za mchele kuelekea mlango wa ndani. "Anakunywa chai. Nenda."

Ulikuwa mlango wa kawaida, wa mbao, nusu wazi. Nilisikia kijiko kikigonga glasi. Hatua sita, labda saba.

"Ngoja nimalize pampu kwanza," nikasema.

Ile pampu ilikuwa na tatizo la dakika kumi. Niliifungua yote. Nilitoa kila skrubu, nikaosha kila kipande, nikakipaka grisi, nikakifuta, nikakipaka tena. Nilipomaliza, adhana ya alasiri ilikuwa imeshalia na bosi amekwenda msikitini. Mwenzangu alikuwa ameshainjika wali.

"Nionyeshe hiyo ikama yako mpya," akasema.

Nikaitoa. Akakausha mkono mzima kwenye nguo, akaichukua, akaisogeza dirishani. Akapitisha kidole gumba juu ya lile neno, kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole.

"Imetoka safi," akasema. "Haina hata ndege."

Akanirudishia.

Sikumwona tena. Nilisikia kwamba yule mzee alifariki mwaka uliofuata na yeye akarudishwa Kenya. Bungoma ni kubwa, na sijatafuta sana. Mimi nilikaa Jeddah mpaka niliposhiba, nikarudi, nikajenga. Baba mkwe sasa ananiita fundi wetu, na neno "wetu" linaniudhi vilevile.

Kila mara mtu huniletea kitu kilicholala na grisi miaka mingi: cherehani ya bibi yake, mundu wa babu, gia ya trekta lililokufa. Nakiviringisha magazeti, nakitia kwenye mfuko mweusi, nakipandisha juu ya mabati ya karakana saa sita mchana. Watu wanashangaa. Wanauliza njia hii nimeisomea wapi. Nawaambia nilifundishwa na mama mmoja wa Bungoma juu ya paa la Al-Malqa, mpishi, aliyekuwa na akili kuliko mimi, na kwamba nilimlipa ubaya. Wanacheka. Wanaitazama diploma ukutani, wanadhani natania.

Siwakatazi kucheka. Hapa ni rahisi kuusema ukweli. Umekuwa mwepesi kama kitu kisicho na matumizi. Hapa hakuna sebule, hakuna mtu anayekunywa chai, na hakuna anayeniuliza ni nani aliyefanya.